Kapteni Aliyekataa Kushusha Bendera

Katika vita vya baharini vya zamani, bendera ndiyo iliyokuwa ulimi wa merikebu. Madhali inapepea mlingotini, adui alikuwa na haki ya kupiga, na waliomo chomboni walikuwa na wajibu wa kujibu. Ikishushwa, maana yake ni kwamba nahodha amesalimu amri. Mizinga hunyamaza pande zote mbili, na mtu aliyeendelea kupiga baada ya hapo alihesabiwa kuwa mwuaji wala si askari. Kwa hiyo merikebu mbili zilipopigana kwa karibu, na moja ikaonekana kuzidiwa, halikuwa jambo la ajabu kwa nahodha wa upande wa pili kupaza sauti na kuuliza kama mwenziwe amekwisha kushusha bendera. Swali hilo lilikuwa na huruma ndani yake, maana jibu la "ndiyo" liliokoa roho nyingi.

Usiku wa tarehe 23 Septemba, 1779, karibu na pwani ya mashariki ya Uingereza, swali hilo aliulizwa Kapteni John Paul Jones. Merikebu yake ilikuwa kuukuu, mizinga yake mikubwa ilikuwa imenyamaza, na maiti walikuwa wamelala sitahani. Jibu lake limehifadhiwa na mabaharia wa Marekani hata leo. Lakini neno la namna hiyo likitajwa peke yake huwa kama majivuno ya mtu jeuri tu. Katika somo hili twataka kutazama mambo yaliyokuwa nyuma ya neno lile: kapteni huyu alikuwa na nini mkononi, alikosa nini, na kwa nini aliona kwamba njia bado ipo pale ambapo maofisa wake mwenyewe hawakuiona.

Vita vyenyewe vilikuwa hivi. Makoloni 13 ya Uingereza katika Amerika ya Kaskazini yalianza kupigana na serikali ya Mfalme George wa Tatu mwaka 1775, yakatangaza uhuru wao tarehe 4 Julai, 1776. Nchi kavu walikuwa na jeshi chini ya George Washington. Baharini hawakuwa na kitu cha kutajwa mbele ya manowari za Uingereza. Mwezi wa Februari, 1778, Ufaransa ilifanya mapatano nao, na bandari za Ufaransa zikafunguliwa kwa merikebu zao. Ndipo Wamarekani walipoona kwamba hata kama hawawezi kuyakabili majeshi makubwa ya bahari, waweza kupeleka chombo kimoja kimoja hadi mlangoni pa adui, wakateke merikebu za biashara na kuwatia hofu watu wa pwani, ili manowari zilazimike kurudi kulinda nyumbani.

Mtu aliyefaa kwa kazi hiyo hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. John Paul, maana hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa Arbigland katika Scotland tarehe 6 Julai, 1747. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa bwana mwenye mashamba. Kijana alipotimiza miaka 13 alitiwa chomboni katika bandari ya Whitehaven ili ajifunze ubaharia, na tangu siku hiyo bahari ikawa ndiyo shule yake.

Liko jambo moja katika ujana wake ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipitia bila kusimama. Kwa muda alifanya kazi katika merikebu zilizochukua watumwa kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi kwenda visiwa vya Amerika, na katika chombo kimojawapo, kwa jina Two Friends, alikuwa ofisa wa kwanza baada ya nahodha. Mwaka 1768, chombo kilipokuwa Jamaica, aliiacha kazi hiyo asiirudie tena. Hilo halimfanyi kuwa mtu mwema, lakini afadhali tulijue kuliko kulificha.

Hakuwa mtu mpole. Mwaka 1773, katika kisiwa cha Tobago, mabaharia wake waligombana naye juu ya mishahara, naye akamwua mmoja wao kwa upanga. Akakimbilia Virginia, akaongeza jina la Jones juu ya jina lake, na vita vilipotokea akajiunga na jeshi jipya la bahari la Wamarekani. Alipenda sifa kupita kiasi, na maofisa wengi walioandamana naye waligombana naye. Walakini alijua bahari, hasa bahari ya kwao Scotland na Uingereza, kama mkulima ajuavyo mipaka ya shamba lake. Mwaka 1778, akiwa na merikebu ndogo iitwayo Ranger, aliingia usiku katika bandari ile ile ya Whitehaven aliyojifunzia kazi, akajaribu kuchoma vyombo vilivyofunga humo. Na siku iliyofuata tu akaiteka manowari ya Kiingereza iitwayo Drake.

Sasa tuitazame merikebu aliyopewa mwaka 1779, kwa sababu bila ya kuijua merikebu hiyo hatuwezi kulipima jibu lake. Ilikuwa merikebu ya biashara ya Kifaransa, jina lake Duc de Duras, iliyokuwa imechoka kwa safari ndefu za bahari za mashariki. Mbao zake zilikuwa kuukuu, na mwendo wake mzito. Jones aliibadilisha jina akaiita Bonhomme Richard, kwa heshima ya Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani mjini Paris, aliyekuwa akitoa kitabu cha kalenda chenye mashauri ya busara kwa jina la Richard Maskini. Akatafuta mizinga huku na huko mpaka akapata yapata 40.

Mizinga ya siku zile ilipewa jina kwa uzito wa risasi yake. Mzinga wa ratili 12 ni ule uliotupa tufe la chuma la uzito huo. Wa ratili 18 vivyo hivyo. Mtu aliyepata kuitembelea Ngome ya Yesu pale Mombasa ameiona mizinga mizito ya chuma ya mtindo huo wa kale, naye anaweza kukisia jinsi watu walivyohangaika kuisukuma na kuijaza ndani ya chombo kinachoyumba. Mingi katika mizinga ya Jones ilikuwa ya ratili 12. Ya ratili 18 alipata sita tu, nayo ilikuwa mikuukuu.

Watu wake walikuwa yapata 380, mchanganyiko wa mataifa: Wamarekani, wengi wao wakiwa wafungwa waliorudishwa kutoka Uingereza, na Wafaransa, Wareno, Waairishi, hata Waingereza wenyewe. Pamoja nao walikuwamo askari wa jeshi la Ufaransa zaidi ya 100, ambao kazi yao ilikuwa kupiga bunduki kutoka sitahani na juu ya milingoti. Askari hawa tuwakumbuke, maana tutarudi kwao.

Tarehe 14 Agosti, 1779, waliondoka pwani ya Ufaransa, Bonhomme Richard ikifuatana na vyombo vingine. Kimoja kilikuwa Alliance, manowari nzuri mpya ya mizinga 36, chini ya Kapteni Pierre Landais, Mfaransa aliyepewa cheo na Wamarekani. Landais hakutaka kuamriwa na Jones. Alikwenda alikotaka na kurudi alipotaka. Kingine kilikuwa Pallas chini ya Kapteni Cottineau. Wakazunguka Ireland na Scotland, wakateka vyombo vya biashara. Jones alitaka kuingia Leith, bandari ya mji wa Edinburgh, na kutoza mali kwa vitisho, lakini dhoruba ikamrudisha nyuma. Basi wakashuka kusini.

Alasiri ya tarehe 23 Septemba, mbele ya majabali ya Flamborough Head katika jimbo la Yorkshire, waliona msafara wa merikebu za biashara zaidi ya 40 zikitoka bahari ya Baltic. Hii haikuwa mali ndogo. Kutoka huko Uingereza ilipata mbao, lami, na katani ya kamba na matanga, vitu ambavyo jeshi lake lote la bahari lilivitegemea. Msafara ulilindwa na manowari mbili: ndogo iliitwa Countess of Scarborough, na kubwa iliitwa Serapis, chini ya Kapteni Richard Pearson.

Serapis ilikuwa mpya, imeshushwa majini mwaka ule ule. Ilihesabiwa kuwa ya mizinga 44, lakini kwa kweli ilichukua zaidi, na katika sitaha ya chini mlikuwa na mizinga 20 ya ratili 18. Chini ilifunikwa kwa shaba nyeupe ya mwendo. Hapana, tuseme wazi: mbao zake za chini zilifunikwa kwa mabati ya shaba, na chombo cha namna hiyo hakishikwi na magugu ya bahari, hivyo huenda mbio na kugeuka upesi. Kwa nguvu za mizinga, kwa mwendo na kwa uzima wa mbao, Serapis ilimzidi mwenziwe.

Pearson akafanya lililompasa. Aliziamuru merikebu za biashara zikimbilie ufukoni chini ya mizinga ya ngome ya Scarborough, naye akasimama kati yao na adui. Inasemwa pia kwamba aliigongomea bendera yake kwenye mti wake kwa misumari, ili pasiwe na mtu wa kuishusha.

Jua likatua, upepo ukawa mwanana, na mwezi mpevu ukatoka baharini. Watu wa pwani wakapanda juu ya majabali kutazama. Yapata saa moja na robo usiku merikebu mbili zilikuwa karibu mno. Pearson akauliza, "Chombo gani hicho?" Wa upande wa Jones wakajibu kwa jina la merikebu ya Kiingereza, na bendera ya Kiingereza ilikuwa ikipepea juu yao. Hila hiyo iliruhusiwa na desturi za vita, kwa sharti moja, kwamba bendera ya kweli ipandishwe kabla ya kupiga. Bendera ya Marekani ikapandishwa, na pande zote mbili zikapiga pamoja.

Hapo hapo ukatokea msiba. Miwili kati ya ile mizinga mikuukuu ya ratili 18 ilipasuka kwa mpigo wa kwanza, ikawaua watu waliokuwa wakiihudumia na kuvunja sitaha iliyokuwa juu yao. Waliobaki hawakuthubutu kuigusa iliyosalia. Hivyo, kabla vita havijapata hata nusu saa, Jones alikuwa amekwisha kupoteza mizinga yake yote mizito, naye amemkabili mwenye 20.

Nahodha wa kawaida angejaribu kukimbia au kusalimu amri. Jones alipiga hesabu nyingine. Aliona kwamba wakiendelea kupigana kwa mbali, Serapis itamzunguka kwa wepesi wake na kumvunja vipande vipande. Lakini zikigusana, wepesi hauna kazi. Na zikifungwa pamoja, vita vitakuwa vya watu juu ya sitaha, na huko juu ndiko waliko askari wake wa bunduki. Kwa hiyo akajitahidi kumkaribia. Mara ya kwanza omo ya Bonhomme Richard iligonga tezi ya Serapis, na kwa namna zilivyokaa hakuna mzinga hata mmoja wa Jones ulioweza kumwelekea adui. Kukawa na kimya kidogo. Ndipo Pearson, kwa mujibu wa Luteni Richard Dale aliyekuwa msaidizi mkuu wa Jones, alipouliza kama wameshusha bendera, na Jones akajibu: "Bado sijaanza kupigana!"

Zikaachana, zikasogeleana tena. Safari hii mlingoti wa mbele wa Serapis, ule ulalao juu ya maji, ukaingia katika kamba za mlingoti wa nyuma wa Bonhomme Richard. Jones mwenyewe akashika kamba akasaidia kuufunga. Kulabu zikatupwa. Upepo na mkondo vikazigeuza merikebu mpaka zikalala ubavu kwa ubavu, omo ya moja kwenye tezi ya nyingine, midomo ya mizinga ikigusa mbao za upande wa pili. Pearson akatia nanga, akitumaini kwamba mkondo utamvuta adui atoke. Hakutoka. Kwa muda wa saa mbili na zaidi zilikaa hivyo, na mahali pengine mabaharia walipotaka kujaza mizinga yao walilazimika kupenyeza miti ya kushindilia ndani ya matundu ya chombo cha adui.

Vikawa vita viwili katika mahali pamoja. Chini, Serapis ndiyo iliyotawala. Mizinga yake ya ratili 18 iliubomoa ubavu wa Bonhomme Richard mpaka risasi zikawa zaingia upande huu na kutokea upande wa pili bila kukuta kitu cha kuvunja. Juu, Jones ndiye aliyetawala. Askari wake na mabaharia waliokuwa milingotini waliwafagia Waingereza katika sitaha ya wazi, kisha wakavuka juu ya foromali hadi milingoti ya Serapis. Kila aliyejitokeza alipigwa. Moto ulishika matanga na kamba pande zote mbili, mara kwa mara vita vikasimama kidogo watu wauzime, halafu wakaanza tena.

Wakati huo Alliance ikatokea, na watu wa Jones wakashangilia. Landais akapita nyuma ya merikebu mbili zilizofungamana akapiga mizinga, na risasi zikawaangukia watu wa Bonhomme Richard. Wakampigia kelele, wakatundika taa za ishara ili awatambue, na mwezi ulikuwa mweupe; akarudi akapiga tena. Baadaye Jones alimshtaki, na kuna walioamini kwamba alikusudia merikebu zote mbili zizame ili ushindi uwe wake. Nia ya moyo wa mtu ni vigumu kuihukumu, lakini wafu hawakufufuka kwa sababu hiyo. Mwisho wake Landais alifukuzwa katika jeshi la bahari la Marekani.

Maji yakawa yanajaa ngamani. Mkuu wa mizinga na seremala wa chombo, walipoona hayo, walidhani kapteni amekufa. Mkuu wa mizinga akakimbia kwenda kushusha bendera. Akakuta mti wa bendera umekwisha katwa na risasi. Basi akaanza kulia kwa sauti kuu akiomba amani. Jones akamtupia bastola zake, zikampiga kichwani akaanguka. Lakini Pearson alikuwa amesikia. Akamwuliza Jones kama kweli anaomba amani.

Hapa wasomaji watatuuliza: basi lile jibu lilitolewa lini, mwanzoni au hapa? Mashahidi hawapatani. Dale aliliweka mwanzoni, na maneno mashuhuri yametoka kwake. Lakini yalichapishwa mwaka 1825, miaka 46 baada ya vita, naye wakati wa vita kazi yake ilikuwa katika sitaha ya mizinga. Jones mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Franklin tarehe 3 Oktoba, 1779, siku kumi tu baada ya vita, aliliweka hapa, baada ya kelele za kuomba amani. Na hakutaja maneno, alisema tu kwamba alijibu kwa kukataa kabisa. Pearson katika taarifa yake aliandika kwamba aliuliza mara mbili tatu asipate jibu lolote, ndipo akaamuru watu wake warukie chombo cha adui. Magazeti ya London nayo yalichapa jibu jingine, la mtu aapaye kwamba chombo chake chaweza kuzama lakini hashushi bendera.

Sisi twaona barua ya Jones ndiyo ya kuaminiwa zaidi katika jambo hili, kwa kuwa iliandikwa mapema, ingawa mwandishi wake hakuwa mtu wa kujipunguzia sifa. Labda aliulizwa mara mbili, akakataa mara mbili. Lililo hakika ni kwamba bendera haikushushwa, na kwamba Waingereza waliojaribu kurukia Bonhomme Richard walirudishwa kwa mikuki.

Mara hiyo hiyo jambo jingine la hatari likatokea. Ngamani mlikuwa na mateka wa Kiingereza zaidi ya 100, waliokamatwa katika vyombo vya biashara. Ofisa mmoja, kwa hofu kwamba merikebu yazama, aliwafungulia wote. Mtu anaweza kufikiri: mateka mia moja wamepanda juu katikati ya vita, na ndugu zao wako hatua mbili tu upande wa pili! Wangaliweza kuichukua merikebu. Dale akawawahi, akawaambia kwamba Serapis inazama, na kwamba wasipopiga bomba kutoa maji, watakufa maji wote pamoja. Wakaamini. Wakashika mabomba, na hivyo wakawafanya mabaharia wa Jones wapate nafasi ya kuendelea kupigana. Katika mambo yote ya usiku ule, sisi twalihesabu hili kuwa la akili kuliko yote.

Kwa upande wa Jones ilibaki mizinga mitatu midogo sitahani, ya ratili tisa. Alisaidia mwenyewe kuhamisha mmoja wapo kutoka upande wa pili. Miwili aliijaza vipande vya chuma ili kuwafagia watu. Wa tatu akauelekeza kwenye mlingoti mkubwa wa Serapis. Baadhi ya maofisa wake walimsihi asalimu amri. Alikataa. Hapa mtu ana haki ya kuuliza kama alifanya sawa, maana watu waliokuwa wakifa chini walikufa kwa neno lake. Hesabu yake ilikuwa kwamba mizinga ya adui imekwisha kumaliza kazi yake. Ilichoweza kuvunja imekivunja. Bali huko juu Waingereza hawana tena njia ya kusimama. Kama angalikosea kwa nusu saa tu, leo tungalimtaja kwa laana, ikiwa tungalimtaja kabisa.

Baharia mmoja, William Hamilton, mtu wa Scotland kama kapteni wake, alichukua ndoo ya mabomu ya mkono pamoja na utambi unaowaka, akatambaa juu ya foromali kubwa mpaka akawa juu ya sitaha ya Serapis. Akaanza kuyatupa. Moja likaingia katika mlango wa sitaha, likaanguka hadi chini mahali palipolazwa mifuko ya baruti tayari kwa mizinga. Mifuko ikashika moto, mmoja ukawasha mwingine, mpaka sitaha nzima ikalipuka. Watu wasiopungua 20 walikufa papo hapo. Wengine waliungua vibaya, wakajitupa baharini.

Pearson alivumilia kidogo tena. Mlingoti wake mkubwa ukawa unayumba, na Alliance, ambayo haikuwa na jeraha lolote, ilikuwa inazunguka karibu. Lakini alitazama pwani, akajua kwamba msafara wake umekwisha fika salama. Yapata saa nne na nusu usiku aliishika bendera ile aliyoigongomea kwa misumari, akairarua kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine awezaye kusimama pale.

Dale alipovuka kuipokea merikebu, ofisa mmoja wa Kiingereza alipanda kutoka chini, ambako mizinga ilikuwa bado ikipiga, akamwuliza kapteni wake kama adui ameshusha bendera. Dale akamwambia kwamba sivyo, wao ndio walioshusha. Ofisa yule hakukubali mpaka alipomwuliza Pearson mwenyewe na kusikia kwa kinywa chake. Dale naye alipotaka kusimama kutoka pale alipoketi, akaanguka. Alikuwa amejeruhiwa mguu bila kujua.

Countess of Scarborough ilikuwa imetekwa na Pallas. Katika merikebu mbili kubwa, karibu nusu ya watu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Bonhomme Richard haikuokoka. Walipiga bomba usiku na mchana, wakahamisha majeruhi kwenda Serapis, na tarehe 25 Septemba, kabla ya saa sita mchana, ikazama. Jones akaisimamia merikebu aliyoiteka akiwa hana tena ile aliyoshindia, akafika kisiwa cha Texel katika Uholanzi tarehe 3 Oktoba. Serikali ya Uingereza ilidai atolewe kama haramia, lakini Waholanzi hawakumtoa, naye mwisho wa Desemba akaponyoka kwa merikebu ya Alliance.

Basi nani alishinda? Jones aliipata merikebu. Pearson aliuokoa msafara, na msafara ndio uliokuwa amana yake: haikupotea hata merikebu moja ya biashara. Baraza la kijeshi lilimhukumu, kama ilivyo sheria kwa kila kapteni aliyepoteza chombo, likamwachilia kwa heshima. Wenye mali wakamtunuku vyombo vya fedha, na Mfalme George akampa cheo cha Sir. Inasimuliwa kwamba Jones aliposikia alisema, nikikutana naye tena baharini nitamfanya Lord. Naye Mfalme wa Ufaransa alimpa Jones upanga wenye mpini wa dhahabu, na mwaka 1787 Bunge la Marekani likaamuru apewe nishani ya dhahabu.

Baada ya hapo hakupata tena vita vikubwa vya Marekani. Alitumikia Urusi muda mfupi katika Bahari Nyeusi, akafa Paris tarehe 18 Julai, 1792, mwenye umri wa miaka 45. Kaburi lake lilisahauliwa, mji ukajengwa juu yake. Mwaka 1905 jeneza lake la risasi lilichimbuliwa, na sasa amezikwa Annapolis, penye chuo cha jeshi la bahari la Marekani.

Na Serapis je? Hiyo ilikuja upande wetu wa dunia. Wafaransa waliichukua, wakaipeleka Bahari ya Hindi kupigana na Waingereza. Mwaka 1781, ilipokuwa katika kisiwa cha Sainte-Marie, ubavuni mwa Madagaska, taa ilianguka penye pombe kali iliyowekwa akiba, moto ukafika kwenye baruti, na merikebu ikalipuka. Mabaki yake yalionekana na wapiga mbizi mwaka 1999, yakiwa yamelala katika maji ya kisiwa kile.